Tulipiga makofi, na mafuta yalikuwa bado yanatoka

 Leo siandiki siasa. Ninaandika juu ya filamu, lakini mutanivumilia, kwa sababu filamu yenyewe itatupeleka mbali kidogo.

Siku ya posho moja, jioni, tulikuwa watu tisa katika nyumba ya rafiki hapa Lubumbashi, tukiangalia Deepwater Horizon, filamu ya Peter Berg iliyotoka mwaka 2016. Wengi wetu ni watu wa haki na wa joloji. Baba mudogo wangu alikuwapo pia, alikuwa amenipitia tu tuende pamoja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Filamu ilipoisha tulipiga makofi. Yeye hakupiga. Akauliza swali moja: “Sasa mafuta njo iliisha lini?”

Tulicheka. Kisha nikaona kwamba mzee ameuliza kitu ambacho filamu ya karibu saa mbili haikujibu.

Kwa wale waliokuwa bado watoto: tarehe 20 aprili 2010, usiku, mtambo wa kuchimba mafuta unaoitwa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico, kilomita zaidi ya 60 kutoka pwani ya Louisiana, Marekani. Juu yake kulikuwa watu 126. Kumi na mmoja hawakurudi. Siku mbili baadaye mtambo ukazama, na kisima kilichokuwa chini yake, mita 1.500 chini ya maji, kikabaki wazi. Mafuta yalitoka siku 87, mpaka tarehe 15 julai. Wataalamu wa serikali walikadiria mapipa milioni 4,9. Mahakama, mwaka 2015, ikaandika kwamba yaliyoingia baharini ni milioni 3,19. Chukua hesabu unayotaka, pipa moja ni lita karibu 159. (Kisima kilikuwa kinaitwa Macondo, jina la kijiji cha riwaya ya García Márquez, kijiji ambacho mwishoni kinafutika kabisa. Kuna watu wanachagua majina bila kumaliza kitabu.)

Nianze na sifa, kwa maana filamu ina sifa. Mwanzoni kuna mtoto wa kike anayesoma kazi yake ya shule mezani, anaeleza baba yake anafanya nini. Anatumia kopo la Coca-Cola na asali: soda ni mafuta yaliyokandamizwa chini ya ardhi, asali ni yale matope mazito yanayomwagwa ndani ya kisima ili mafuta yasipande. Profesa wetu mmoja angehitaji saa mbili na ubao mzima kwa jambo lile. Na kopo linapotapika soda juu ya meza, wewe uliye kwenye kiti umekwisha kujua yatakayotokea, wao bado.

Sifa ya pili ni lile jaribio la kisima. Wanapunguza uzito ndani yake ili waone kama kimefungwa vizuri. Bomba moja linaonyesha mgandamizo mkubwa, bomba lingine linaonyesha sifuri. Bantu wazima, wenye uzoefu, wanaangalia vipimo viwili vinavyopingana, na wanachagua kuamini kile kinachowaruhusu kumaliza kazi. Ilikuwa hivyo kweli. Na kweli pia siku ile ile wakubwa walikuwa wamefika kwenye mtambo, kwa sehemu kusifu miaka saba bila ajali kubwa ya kazi. Berg hakuongeza chumvi pale.

Lakini basi anakuja John Malkovich. Anacheza Donald Vidrine, mmoja wa wasimamizi wa BP pale juu, na anamcheza kama nyoka. Ile sauti ya kuvuta, lile jicho la kulala nusu! Sisi wote tisa tulimchukia. Rafiki mmoja alisema, “Ule muntu, bangemufunga tu maisha.” Na hapa njo naanza kugombana na filamu, kwa sababu ile chuki tamu tuliyoisikia sebuleni ni ile ile ambayo watu walikuwa nayo mwaka 2010, na haikuwafikisha mbali.

Tukumbuke ilivyokuwa. Mkubwa wa BP wakati ule aliitwa Tony Hayward. Mwezi wa tano, akiwa Louisiana, alisema mbele ya kamera kwamba hakuna anayetaka mambo yaishe kuliko yeye, na kwamba anataka maisha yake yarudi. Watu kumi na mmoja maisha yao hayarudi, naye analilia yake. Dunia nzima ilimrukia, na ilikuwa haki. Mwezi uliofuata akapigwa picha Uingereza kwenye mashindano ya mashua, bahari yake safi. Mwenyekiti wake Carl-Henric Svanberg, Msuedi, akatoka Ikulu ya Washington akisema kampuni inawajali “watu wadogo”. Pengine ilikuwa lugha tu iliyomshinda. Sisi tunaozungumza lugha nne kwa siku tunajua lugha inavyoweza kukutupa shimoni. Lakini wavuvi wa Louisiana waliisikia kama ilivyotoka. Kwenye Twitter mtu akafungua akaunti ya mzaha, akijifanya biro ya mawasiliano ya BP, akapata wasomaji wengi kuliko akaunti ya kampuni yenyewe. Watu walisusia vituo vya petroli vyenye jina BP, ingawa karibu vyote Marekani havikuwa mali ya BP: vilikuwa vya wafanyabiashara wadogo waliokodi jina. Aliyepoteza wateja ni mwenye kituo.

Na wakubwa wa siasa wakapata raha. Baadhi ya watu wa Obama waliendelea kusema “British Petroleum”, jina ambalo kampuni ilikuwa imeliacha zaidi ya miaka kumi mbele yake, mpaka Boris Johnson, meya wa London wakati ule, akalalamika kwamba Waingereza wanatukanwa. Kwa upande wa pili mbunge Joe Barton wa Texas aliomba msamaha. Aliomba msamaha kwa BP! Kwa sababu serikali ilikuwa imeifanya itenge dola bilioni 20 za kulipa waliopata hasara. Jioni ile ile chama chake kilimlazimisha kuyarudisha maneno yake.

Hayward aliondoka kwenye kiti mwaka ule ule. Kelele zikapungua. Uso ulioleta hasira ukatoweka, na hasira ikakosa pa kukaa.

Nisieleweke vibaya, sisemi watu walikosea kukasirika. Ninasema filamu ya 2016 ilipewa miaka sita ya kufikiri na ikarudi kwenye kosa lile lile: tafuta uso mmoja. Tume iliyoundwa na Obama ilikwisha kuandika, januari 2011, kwamba sababu zilikuwa za mfumo mzima: uongozi mbaya ndani ya BP, ndani ya Halliburton iliyomwaga simenti, ndani ya Transocean mwenye mtambo, na serikali yenyewe, ambayo ofisi yake moja ilikuwa inakusanya pesa za mafuta na kusimamia usalama kwa wakati mmoja. Mwaka 2014 Jaji Carl Barbier aligawa kosa kwa asilimia: BP 67, Transocean 30, Halliburton 3. Na yule Vidrine ambaye rafiki yangu angemfunga maisha? Mashtaka ya kuua yalifutwa mwisho wa 2015. Alikubali kosa dogo la uchafuzi wa maji, akapewa miezi kumi ya kuwa chini ya uangalizi, nje. Mwenzake Kaluza alishinda kesi. Hakuna hata mmoja aliyeenda gerezani kwa vile vifo. Kampuni yenyewe ilikubali makosa 2012, hata kosa la kusababisha vifo kumi na mmoja, ikalipa. Filamu ilitoka mambo haya yote yakijulikana.

Dada mmoja wa kundi letu, yeye ni mwanasheria, alinipinga usiku ule, na alinipinga vizuri. Alisema: “Filamu iko ya bale bantu bali kufa. Mwaka ule wote dunia ililia ndege. Acha nabo balililiwe mara moja.” Ana haki. Jamaa za marehemu walilalamika kweli: magazeti yalijaa picha za mwari waliolowa mafuta, na majina ya wanaume kumi na mmoja hayakujulikana na mtu. Berg alitaka kulipa deni lile. Ndani ya filamu ndege ninayemkumbuka ni mmoja tu, amejaa matope, anajigonga ndani ya meli ya jirani, halafu basi. Kwa hiyo filamu ni jibu kwa jibu la watu: nyinyi muliangalia bahari, mimi nitaangalia watu.

Sawa. Lakini nani alisema ni lazima kuchagua? Mwanamume aliyekufa juu ya mtambo na mvuvi ambaye nyavu zake zimekaa kavu mwaka mzima wameumizwa na uamuzi mmoja. Filamu inakata uzi ule. Moto unazimika kwenye skrini, walionusurika wanapiga magoti kusali, wanarudi kwa wake zao, mwisho. Siku 87 hazimo. Na ndani ya siku 87 njo kuna hadithi ambazo mimi ningelipa pesa kuziona.

Mfano nywele. Kulikuwa shirika la San Francisco, Matter of Trust, lililokuwa likikusanya nywele za saluni, kwa sababu nywele hunyonya mafuta. Habari ikaenea, na saluni za nchi nyingi zikatuma mifuko kwa mifuko. Wajitolea walizijaza ndani ya soksi ndefu za wanawake wakatengeneza vizuizi vya kuelea. Nawaza wale wasusi wakifagia sakafu jioni, wakiamini kwamba uchafu wa kazi yao utaokoa bahari. Wasimamizi wa usafi walizikataa: zikilowa maji zinazama. Watu wengine walituma mawazo, zaidi ya 100.000, namna ya kuziba kisima. Mwigizaji Kevin Costner alikuja na mashine zake za kutenganisha mafuta na maji, na BP ikaagiza 32. Wahandisi wenyewe, wakiwa na shahada zao zote, walijaribu kusukuma takataka ndani ya kisima, kati yake mipira ya golfu. Haikushika. Basi tusiwacheke watu wa nywele.

Ama ile kamera. Hii njo ningeifanya kuwa kiini cha filamu. Chini kule roboti za BP zilikuwa na kamera zikiona bomba linavyotapika. Kwanza kampuni na serikali walisema yanatoka mapipa 1.000 kwa siku, kisha 5.000. Mbunge Edward Markey alishikilia mpaka picha zikatolewa kwa watu wote, moja kwa moja, mchana na usiku. Mamilioni ya watu wakakaa mbele ya kompyuta kuangalia wingu la kahawia lisiloisha. Hakuna mwigizaji, hakuna muziki. Na kwa kutumia picha kama zile profesa Steve Wereley wa chuo kikuu cha Purdue alipiga hesabu akasema yanafika 70.000. Wakamwona anazidisha. Mwishowe serikali yenyewe ilikubali kwamba mwanzoni yalikuwa karibu 62.000 kwa siku, na kosa moja ambalo BP ilikubali mahakamani mwaka 2012 ni kuficha ukweli huo mbele ya bunge. Munaona tofauti? Kumtukana Hayward kulileta Hayward mwingine. Kuangalia bomba kwa makini, na kuhesabu, kulitoa ushahidi.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wanafunzi wa mbali tunalielewa kwa shida. Mwezi wa tano Obama alisimamisha uchimbaji wa maji marefu kwa miezi sita. Ungefikiri Louisiana itamshukuru. Ilikasirika! Jaji mmoja wa New Orleans aliizuia amri ile mwezi uliofuata. Na julai, katika uwanja mkubwa wa Lafayette, walikusanyika watu zaidi ya 10.000, si kwa kuipinga BP, bali kudai uchimbaji urudi. Kuna mji unaitwa Morgan City ambao kila mwaka unafanya sikukuu ya kamba na petroli, vyote viwili pamoja, kamba wale wa baharini. Waliifanya mwaka ule pia. Mtu wa New York aliona ni ujinga. Mimi mtoto wa Katanga niliposoma hayo nilinyamaza. Ndugu mmoja anavua, shemeji yake anapanda helikopta kwenda kwenye mtambo, na nyumba moja inakula kwa mikono yote miwili. Ukiniambia mgodi fulani wa hapa ufungwe kwa sababu mto umebadilika rangi, nitakuuliza kwanza nani atalipa shule ya watoto, na sitakuwa ninaupenda mgodi kwa kuuliza hivyo.

Wavuvi wengi wa kule ni Wavietnamu waliokimbia vita vyao mwaka 1975 na baadaye. Karatasi za mikataba na za madai ziliwafikia kwa Kiingereza. BP ilikodi mashua za wavuvi kufanya usafi, wengine wakapata pesa nyingi, majirani zao hawakupata kitu, vijiji vikagawanyika. Mwisho wa 2010 mfuko wa fidia ulileta malipo ya haraka: dola 5.000 kwa mtu, 25.000 kwa biashara, saini hapa, hutashtaki tena. Mtu ambaye friji yake ni tupu atasaini. Yote haya ni sinema tupu, bila kulipua kitu. Margaret Brown aliyaona, dokumentari yake The Great Invisible ya 2014 inakaa na watu hao, na wengi wetu hatujaisikia kwa sababu haina moto.

Nataja jirani zetu kidogo tu. Bodo, Nigeria, bomba la Shell lilivuja mara mbili mwaka 2008 na 2009, mikoko ikafa, na pauni milioni 55 hazikukubaliwa mpaka 2015, baada ya kesi kupelekwa London. Huko kamera haikuwapo chini ya maji. Na sisi wenyewe: julai 2022 serikali yetu ilitangaza zabuni ya vipande 27 vya mafuta, vingine vikigusa mbuga ya Virunga, oktoba 2024 ikafuta zabuni, ikisema kati ya mengine ushindani ulikosekana. Ukipitia maandishi ya vijana wa wakati ule, utaona tulitukana mawaziri kwa ustadi mkubwa. Nani kati yetu alisoma ramani ya vipande? Mimi sikuisoma.

Narudi kwa baba mudogo.

Yeye alifanya kazi mgodini miaka sita. Hakuwa mtu wa mgodi; alikuwa mtu wa kampuni ndogo iliyokodiwa na kampuni nyingine iliyokodiwa na mgodi. Nguo ya kazi ilikuwa na jina la mgodi mgongoni. Siku mashine ilipokata vidole vyake viwili, mama yangu na mimi tulienda mlangoni, mlinzi akaangalia kitabu, akasema huyu si wetu. Tukaenda kwenye ile kampuni ndogo. Walikuwa wamehama biro. Nilikuwa mwaka wa pili wa haki, nilikuwa na hasira ya kutosha kuchoma mji, na sikujua jina la kuandika juu ya barua.

Usiku ule, mwisho wa filamu, zilipopita picha za wale kumi na mmoja na majina yao, wenzangu walikuwa wanasimama, wanatafuta simu zao. Baba mudogo akamwambia mwenye nyumba asimamishe. Akawaangalia mmoja mmoja. Kisha akaniuliza: “Bale bote bali kuwa bantu ya BP?”

Sikujua. Filamu ilikuwa imeniacha na neno BP kichwani, kama ilivyokuwa kwa dunia nzima mwaka 2010. Nilitafuta nilipofika nyumbani. Tisa walikuwa wa Transocean. Wawili walikuwa wa M-I SWACO, kampuni ya matope ya kuchimbia. Wa BP, hata mmoja.

Nilimtumia ujumbe kesho yake asubuhi. Alijibu karibu na saa sita: “Njo vile.” Baadaye akaandika tena, akaomba nimuwekee filamu kwenye flashi, aiangalie polepole, bila watoto wa université kupiga makelele.